Kitambaa cha Nane

"Sikuulizi habari za wageni, Afande. Nakuuliza vitambaa vyangu viko wapi."

"Nimeshakujibu mara mbili. Viko kwenye pipa la taka, mahali panapovifaa."

"Nani alivitoa?"

"Mimi ndiye niliyetoa amri. Bunduki nane zinaning'iniza vitambaa vyekundu mdomoni kama mbuzi waliokula leso za watu! Wageni wa kiwanda wanakuja kutazama kama tunafaa kuwalindia mali yao, halafu wakute silaha zimevaa utepe? Mama Grisi, hii ni kampuni ya ulinzi, si saluni."

"Ungeniuliza kwanza."

"Nikuulize wapi? Si ulikuwa umelala na jino lako?"

Hapo alikuwa na haki kidogo. Siku tatu nilikuwa nyumbani baada ya kung'olewa gego, na asubuhi hiyo nilirudi kazini shavu la kushoto limevimba kama nimeficha limau, pamba bado imekaa penye pengo. Sikuwa na sura ya kugombana na mtu. Lakini ghala la silaha ni langu. Nina stashahada ya ugavi na utunzaji wa ghala, imo ukutani ndani ya fremu, na chini yake yako maandishi yangu makubwa: USIGUSE USICHOKIJUA. Afande, msimamizi wa walinzi, alikuwa amepita chini ya maandishi hayo akagusa kila kitu.

Alikuwa askari miaka ishirini na minne kabla ya kuja kwetu. Ana goti bovu, ana kiatu kinachong'aa kuliko uso wake, na kwake yeye silaha safi ni ile inayong'aa kwa nje. Ugomvi wetu wa mafuta ulikuwa na umri wa miaka miwili.

Niueleze, maana bila huo mengine hayaeleweki. Ghala letu ni chumba kimoja cha matofali, madirisha mawili madogo ya nondo karibu na dari. Nyuma ya ukuta mmoja kuna tangi la maji, na mvua zikianza ukuta huo hutoka jasho kama mtu mwenye homa. Ndani yake mna bunduki ishirini na nne za bolti, lile komeo la nyuma linalosukumwa kwa mkono, za risasi moja moja. Kumi na sita huingia na kutoka kila wiki. Nane hulala, miezi sita, wakati mwingine mwaka mzima.

Nilipoajiriwa nilizikuta zimepakwa mafuta ya cherehani na kutiwa kwenye mifuko ya ngozi. Kwa macho zilipendeza. Nilipochungulia mitutu nikaona kutu nyekundu imetambaa ndani kama ukoko wa sufuria. Mafuta mepesi hayana subira. Bunduki ikisimama, huteremka taratibu hadi kwenye mti wa kitako, na yanayobaki hukauka kwa joto. Mwezi wa pili chuma kiko uchi. Na ngozi ndiyo mbaya kabisa: hunywa unyevu, kisha hukaa imekumbatiana nao na bunduki iko katikati. Mifuko nikaitupa. Nikaleta grisi ya kuzuia kutu, karatasi ya nta, na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu. Inayofanya kazi ipate mafuta mepesi, tone hapa tone pale. Inayolala ipate grisi. Basi. Hata mtoto angeelewa.

Afande hakuelewa. Siku moja ya baridi bolti ya mlinzi mmoja iligoma kwa sababu ya grisi, naye akaenda kwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi akabandika amri mlangoni mwangu: MAFUTA MEPESI TU. GRISI NI MARUFUKU.

Nilitii kwa zile kumi na sita. Zile nane za karibu na ukuta wenye jasho, sikutii. Nikazipaka grisi kimyakimya. Na nikafanya jambo jingine ambalo mwalimu wetu wa chuo alilikataza kwa maneno matatu: usizibe mtutu kamwe. Alikuwa na jicho moja la kioo, na mezani kwake aliweka mtutu uliopasuka na kufunguka kama ganda la ndizi. Hakutuambia kama vitu hivyo viwili vilihusiana. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mimi nikaziba. Nilichovya kipande cha gunia kwenye grisi, nikakisokota kikawa mnene kama kidole gumba, nikakisukuma ndani ya mdomo wa kila bunduki ili unyevu usiingie. Kila kizibo nikakifunga mkia wa kitambaa chekundu unaoning'inia nje, mrefu kama mkono kutoka kwenye kiwiko hadi kiganjani. Nikajiambia, nani hataona? Kipofu mwenyewe ataona. Nikajiona mjanja kuliko mwalimu.

Sasa niliinama kwenye pipa la taka na kuanza kuvitoa, kimoja kimoja.

"Umefikia kuokota taka?" Afande akasema. "Twende uwanjani, Mama Grisi, ukaone walinzi wako wanavyopendeza. Wameshaondoka na silaha tangu saa mbili."

"Walinzi wangapi?"

"Kumi. Wageni watawaona wakipiga shabaha mmoja mmoja."

Nilikuwa nimeshika vitambaa vinane mkononi, na nilikuwa nikitazama ncha zake. Ncha moja ya kila kitambaa ilipaswa kuwa na kizibo. Hapakuwa na kizibo hata kimoja. Ncha zote zilikuwa zimenyooka, safi, kama zilizopimwa kwa rula. Nikageuka. Juu ya meza yangu ulikuwepo mkasi wangu wa kukatia karatasi ya nta, na makali yake yalikuwa yamepakaa grisi na nyuzi nyekundu.

Ulimi wangu ulienda wenyewe kwenye lile pengo la jino, ukaikuta pamba.

"Afande. Vilivutwa au vilikatwa?"

"Kuna tofauti gani?"

"Nijibu!"

"Usinipigie kelele. Walivuta, vikagoma. Vijana wana mikono ya grisi, vinateleza. Nikawaambia kateni hapo mdomoni tumalize, wageni wako njiani. Wakakata, wakapangusa nje kwa mafuta mepesi, wakazipanga zote pamoja. Zinang'aa zote, huwezi kujua ipi ilikuwa ipi."

"Huwezi kujua ipi ilikuwa ipi," nikarudia.

"Ndiyo nakwambia."

Sijui kama umewahi kuogopa mpaka ukasikia baridi kwenye meno. Mimi niliisikia hata kwenye lile jino ambalo halikuwepo tena. Nilinyakua bunduki ya kwanza kwenye safu, nikaitoa bolti, nikachungulia kutoka nyuma kuelekea dirishani. Mwanga. Nikairudisha. Ya pili, mwanga. Ya tatu, giza.

"Unafanya nini?" Afande akauliza, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Nilichukua fimbo ndefu ya kusafishia nikaipitisha kwa nyuma, nikasukuma. Iligoma. Nikailaza bunduki mezani, mdomo nje ya ukingo, nikalalia fimbo kwa uzito wangu wote. Kizibo kikatoka polepole, cheusi, kinene, kikaanguka juu ya kiatu chake kinachong'aa.

"Vyangu vilikuwa na kichwa na mkia," nikamwambia. "Wewe umekata mkia."

Afande alikitazama kile kitu. "Grisi ni laini," akasema. "Risasi si itaisukuma tu?"

"Umekaa jeshini miaka ishirini na minne."

"Nauliza tu."

"Risasi inakuja na moto nyuma yake, inakuta mlango umefungwa. Moto utatokea wapi? Utatokea ubavuni. Na ubavuni kuna nini? Kuna mkono wa mtu. Na juu ya kitako kuna shavu la mtu."

Wakati huohuo ukaja mlio kutoka upande wa machimbo ya zamani ya kokoto, ambayo ndiyo uwanja wetu wa shabaha. Mmoja, wa mbali, kama mtu kafunga mlango kwa hasira. Wote wawili tuliruka. Kisha wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Kimya.

"Huyo ni wa kwanza," Afande akasema taratibu. "Kila mtu risasi tano."

Hatukugombana tena. Yeye alishika bunduki na kutoa bolti, mimi nikachungulia. Mwanga, mwanga, giza. Giza. Mwanga. Kila mara alisema "hii je?" kama mgonjwa anayemuuliza daktari. Milio mingine mitano ikalia, tukasimama tukiwa tumekodoa macho hadi ilipokwisha. Mtu wa pili mzima. Bunduki kumi na nne zilikuwa zimebaki ghalani, na tulipomaliza, saba zilikuwa giza.

"Uliziba ngapi?"

"Nane."

"Labda umekosea hesabu."

"Sikosei hesabu, Afande. Nimekosea akili, lakini si hesabu."

Nina daftari langu dogo ambalo halimo kwenye orodha ya ofisi. Humo nilikuwa nimeandika namba za zile nane, namba zilezile zilizopakwa rangi nyeupe chini ya kila kitako. Nikazifuta moja moja kwa kalamu. Ikabaki moja: kumi na saba. Nikavuta daftari kubwa la kutolea silaha, lile ambalo Afande alikuwa amelijaza asubuhi ile kwa mwandiko wake wa kuku aliyekanyaga wino. Nilishuka na kidole. Nambari kumi na saba ilikuwa mstari wa tisa. Mbele yake palikuwa na sahihi ninayoijua, ile yenye kitanzi mwishoni, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha mwenyewe kushika kalamu.

Binti yangu. Kitindamimba wangu.

Alikuwa na miezi minne tu kazini. Nilitaka asomee uuguzi. Akaniambia, "Mama, wewe unakaa na bunduki siku nzima halafu mimi nikafunge watu bandeji?" Nikacheka. Nikamsainia fomu. Nilimsainia fomu kwa mkono huu.

"Mpigie," Afande akasema.

Nikapiga. Kukawa na sekunde mbili za kimya, halafu simu ya binti yangu ikaanza kuimba ndani ya chumba kilekile, nyuma ya mgongo wangu, ndani ya sanduku la bati ambamo walinzi huacha simu zao kabla ya kwenda shabaha. Nyimbo anazozipenda ni za kuchekacheka. Nilikata haraka, sikuweza kuvumilia.

Nikampigia Mkurugenzi. Akakata. Nikapiga tena, akazima kabisa. Alikuwa na wageni. Simu ya mkufunzi wa shabaha nayo ilikuwa kwenye sanduku. Gari lilikuwa hukohuko. Milio mitano ikalia, mtu wa tatu.

"Wanapiga kwa mpangilio wa daftari. Yeye ni wa tisa," nikasema. "Bado sita."

"Nenda," Afande akasema. "Mimi na goti hili nitakuja nyuma. Nenda, mama!" Kisha akanishika mkono. "Sikiliza. Mimi niliamuru vikatwe, wewe ulivitia kinyume cha amri. Wote tumo. Ukifika msimamishe mkufunzi polepole, umnong'oneze sikioni. Mkurugenzi asijue, wageni wasijue. Tukiharibu leo sote hatuna kazi."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Njia ya machimboni inapita nyuma ya kiwanja chetu, kando ya ukuta wa karakana ya magari, halafu inashuka kwenye kokoto. Mtu asiye na haraka hutumia robo saa. Mimi nina miaka hamsini na mbili na mwili wa kukaa. Nilivua viatu vya kazini kwenye hatua ya ishirini nikaviacha palepale. Mafundi wawili walitoa vichwa kwenye uvungu wa lori, mmoja akaita, "Mama Grisi, umeona nyoka?" Nikapita.

Mtu wa nne alipiga nikiwa kwenye kona ya karakana. Nilihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Mtu wa tano nikiwa kwenye mtaro. Hapo niliteleza, nikaumia goti, nikainuka. Pamba ilinitoka mdomoni na ladha ya damu ikajaa. Nikaitema na kuendelea. Nilikuwa nikimwona mwalimu wangu, hakunitazama kwa jicho lake zima, alinitazama kwa lile la kioo.

Mtu wa sita. Sikuwa nimefika hata nusu.

Unapokimbia ukiwa na hofu, akili haifikirii mambo makubwa. Mimi nilifikiria shavu lake. Tangu utotoni hulalia shavu la kulia, na akiamka huwa na mistari ya mto usoni. Mkufunzi aliniambia siku moja kwa kumsifu, "Binti yako ana mkao mzuri, shavu linalala kwenye kitako kama mto." Nilifurahi nilipoambiwa. Sasa nililia kwa sauti, nikikimbia, kama mtu aliyepotewa na akili.

Mtu wa saba. Nikaona ukingo wa machimbo na juu yake bendera nyekundu.

Niseme habari za bendera. Pale uwanjani kila mtu huvaa viziba masikio, kwa hiyo kupiga kelele ni kazi bure. Hata ukiita kwa jina la mama yake, mpigaji hakusikii. Kinachoongoza ni bendera. Ikiwa juu, watu wanapiga na hakuna anayevuka mstari wa chokaa. Ikishuka, hata kama umebakiza risasi moja, unalaza bunduki chini, bolti wazi, unarudi nyuma hatua tatu. Binti yangu alikuwa akinitambia kanuni hizo mezani usiku huku akiosha vyombo. Mlingoti wa bendera umesimama mwishoni mwa mstari, karibu na turubai la wageni.

Mtu wa nane alipiga risasi zake tano. Nilikuwa bado kwenye kokoto, mteremko uko chini yangu, na kati yangu na uwanja kulikuwa na rundo la mawe linalonizuia kuona. Nikapiga kelele. Nilimwita jina lake la nyumbani, lile ambalo hapendi watu wa kazini walisikie. Hakuna aliyegeuka.

Kisha ikaja zamu ya tisa.

Mlio wa kwanza ulinikuta nimesimama. Niliweka mikono masikioni kama mtoto, nikapiga magoti kwenye kokoto, nikafumba macho. Wa pili. Nikangoja ule mlio mwingine, ule usiofanana na milio. Wa tatu. Nilisema, nichukue mimi. Wa nne. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Kukawa na kimya kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuvisikia, na ndani ya kimya hicho nilimzaa binti yangu mara ya pili, kwa uchungu uleule.

Wa tano.

Nikafumbua macho. Upepo ulikuwa ukivuma. Nikazunguka rundo la mawe kwa mikono na miguu, na yule pale, anasimama, anapangusa goti la suruali yake, bunduki mkononi, mashavu mawili, macho mawili. Mgeni mmoja alikuwa akipiga makofi.

Sijui nilishukaje. Nilijikuta chini ya turubai, peku, damu kidevuni, mkono umebana kitu ambacho sikukumbuka kukichukua. Mkurugenzi aliinuka kwenye kiti. Wageni watatu waligeuza shingo zao. Kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe na chupa za maji.

"Mama, kuna nini?" Mkurugenzi akauliza kwa meno yaliyoumana.

Nilimtazama binti yangu aliyekuwa akija kwangu huku anavua viziba masikio. Mzima. Basi nimekosea hesabu, nikawaza. Mara moja maishani nimekosea hesabu, na Mungu anipe kukosea zaidi. Nikasikia jibu likijiandaa mdomoni, jibu zuri, jepesi kama mafuta ya cherehani. *Hakuna kitu, mzee. Nimekuja kuwatazama vijana.* Kisha nirudi ghalani, nizizibue zile sita zilizobaki, nichome vile vitambaa, na hakuna atakayejua.

"Hakuna kitu, mzee," nikaanza.

"Mama!" Binti yangu alinifikia, uso umejaa aibu na hasira. "Umefanya nini? Viatu viko wapi? Unaniaibisha mbele za watu."

Nikamshika shavu la kulia. Lilikuwa na alama ya kitako, mstari mwekundu. Alijaribu kuutoa mkono wangu, nikaushusha mwenyewe, na uliposhuka ulipitia kwenye bunduki yake. Nikaigeuza. Chini ya kitako, kwa rangi nyeupe: ishirini na mbili.

"Hii si kumi na saba."

"Kumi na saba ina kitako kirefu, inanigonga bega. Tumebadilishana garini." Akaonyesha kwa kidevu. "Anayo Bwana Harusi."

Bwana Harusi ni mlinzi wa kumi. Tulimpa jina hilo kwa sababu amefunga ndoa mwezi uliopita na hadi leo hutabasamu peke yake. Alikuwa ameshapiga goti kwenye mstari wa chokaa, mgongo kwetu, masikio yamezibwa. Alikuwa ameshasukuma bolti. Mkufunzi kando yake alikuwa ameinua mkono, na mkono ule ukishuka, mtu anapiga. Bendera ilikuwa juu.

Nyuma yangu nilisikia Afande akifika, anachechemea, anahema, na sauti yake ikiniambia chini chini, "Polepole, mama. Mnong'oneze mkufunzi. Polepole."

Kutoka nilipo hadi kwa mkufunzi ni hatua thelathini. Mlingotini ni nne.

Nilitazama mkono wangu. Nilikuwa nimebana mkasi. Ulikuwa umekuja nami kutoka mezani njia yote ile, makali yake bado yana grisi na nyuzi nyekundu.

Nikaruka zile hatua nne na kukata kamba.

Bendera ilianguka yote kwa mpigo, ikanifunika kichwa. Ndani ya giza hilo jekundu nilingoja. Sikusikia mlio. Nilipojivua, Bwana Harusi alikuwa ameshalaza bunduki chini, bolti wazi, anarudi nyuma hatua tatu kama alivyofundishwa, anageuka kutazama nani mwendawazimu.

"Mama!" Mkurugenzi alipaza sauti. "Utanieleza hii ni nini!"

"Nitakueleza sasa hivi."

Nilivuka mstari, nikaiokota kumi na saba, nikaitoa risasi na kuitia mfukoni, nikaichomoa bolti. Nilimwomba mkufunzi fimbo ya kusafishia, akanipa. Nikairudisha bunduki hadi chini ya turubai, nikailaza juu ya ile meza yenye kitambaa cheupe, mdomo nje ya ukingo, kati ya chupa za maji, wageni wakasogeza viti. Afande alikuwa ananitazama, akitikisa kichwa kidogo, akiniomba. Kisha akaacha kukitikisa. Akaja akaushika mtutu kwa mikono miwili ili usiyumbe.

Nikaipitisha fimbo kwa nyuma, nikasukuma. Ikagoma.

"Kilichomo humu nimekitia mimi," nikamwambia Mkurugenzi, "kwa mikono yangu, kinyume cha amri yako." Na nikalalia fimbo kwa uzito wote.